Kumrudisha samaki majini si kumwokoa

Katika maziwa na mito ya kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada yuko samaki aitwaye maskelunji, ambaye wavuvi wa huko wamezoea kumwita kwa kifupi maski. Jina hilo limetokana na lugha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo la Maziwa Makuu ya huko, likapitia vinywani mwa Wafaransa wa Kanada kabla ya kuwafikia wasemao Kiingereza. Ni samaki mrefu, mwenye kinywa kipana kilichojaa meno, na katika maji anamoishi hakuna samaki mwingine amtishaye. Mwaka 1955 jimbo la Wisconsin lilimfanya kuwa samaki wake rasmi. Katika mji mdogo wa Hayward, jimboni humo, limejengwa jumba la makumbusho lenye umbo lake, urefu wake ukizidi meta 40, na wageni hupanda hadi kinywani mwake wakasimama baina ya meno.

Msomaji aweza kuuliza: samaki wa ng'ambo anatuhusu nini sisi ambao hatujapata kumwona wala kumla? Anatuhusu kwa sababu wavuvi wake wamefanya jambo ambalo ni nadra wavuvi kulifanya. Wameacha kumuua, wengi wao kwa hiari yao wenyewe. Na walipokwisha kuacha kumuua, waligundua kwamba kuacha kuua hakutoshi. Ugunduzi huo wa pili ndio unaostahili kujadiliwa, hasa na sisi ambao kazi zetu ni kufundisha, kuandika taarifa na kusimamia utekelezaji wa mambo ya umma.

Kwanza yatupasa kuelewa kwa nini samaki huyu anahitaji kuhurumiwa. Maski si samaki wa makundi. Kwa kuwa yeye ndiye mla wenzake mkubwa kuliko wote, ziwa haliwezi kulisha wengi wa namna yake, na katika maziwa mengi ekari nzima ya maji haina hata maski mmoja aliyekomaa. Ndiyo maana wavuvi humwita samaki wa mitupo elfu kumi, maana yake ni kwamba mtu hutupa chambo mara elfu kumi kabla ya kumpata mmoja. Jike ndiye mkubwa kuliko dume, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Hutaga mayai yake katika maji ya kina kifupi wakati baridi inapokwisha, kisha huondoka bila kuyalinda, na sehemu kubwa ya mayai hayo hupotea. Jike lenye urefu wa sentimeta 127, ambalo kila mvuvi huota kulipata, huenda likawa limeishi miaka 15 au zaidi. Basi anayemuua jike kama hilo haondoi kitoweo cha siku moja tu. Aondoa kazi ya miaka 15 ya ziwa zima, pamoja na mayai ya miaka ijayo.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikufikiriwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maski aliyevuliwa alikuwa maski aliyekufa. Wengine walimnasa kwa chuma chenye ncha iliyopinda, na wapo waliompiga risasi ubavuni mwa mashua kwa kuyaogopa meno yake. Kisha alitundikwa kwa taya mbele ya hoteli ya wageni ili watu wapigwe picha pamoja naye, na mwisho alikaushwa na kubandikwa ukutani. Mwaka 1949 pekee, samaki wawili waliodaiwa kuwa wakubwa kuliko wote duniani walivuliwa Wisconsin, mmoja na Cal Johnson na mwingine na Louie Spray, kila mmoja akisemekana kupita kilo 30. Hadi leo watu wanabishana ni yupi mkweli, na taasisi mbili zinazotunza kumbukumbu za uvuvi hazikubaliani juu ya samaki huyo wa kwanza. Katika kiangazi cha mwaka 1955, kwenye Ziwa Leech katika jimbo la Minnesota, maski walichachamaa kukamata chambo, wakavuliwa kwa makumi katika siku chache, nao wakatundikwa safu kwa safu. Picha za siku zile zipo. Zilipochapishwa zilikuwa fahari. Leo zinatazamwa kwa masikitiko.

Mabadiliko yaliletwa na wavuvi wenyewe. Mwaka 1966, mjini Saint Paul, Minnesota, Gil Hamm alianzisha chama cha wavuvi wa maski kiitwacho Muskies, Inc., ambacho kilihimiza wanachama wake wamrudishe samaki majini akiwa hai. Wazo hilo halikuwa rahisi kukubalika. Mtu aliyetupa chambo tangu alfajiri hadi jioni, siku baada ya siku, akafanikiwa mara moja kwa mwaka, aliambiwa amwachie samaki huyo aende zake! Lakini waliendelea kuelimishana. Mwaka 1987, katika eneo la Visiwa Elfu kwenye mto Saint Lawrence, chama cha kuhifadhi mto huo kiitwacho Save The River kilianzisha utaratibu wa kumpa picha iliyochorwa na msanii kila mvuvi aliyemrudisha maski ambaye sheria ilimruhusu kumchukua. Mafundi nao walijifunza kutengeneza sanamu ya samaki kwa kutumia vipimo na picha tu, hata mvuvi akaweza kumbandika samaki wake ukutani huku samaki mwenyewe akiogelea ziwani. Serikali za majimbo zikafuata kwa sheria. Minnesota, kwa mfano, tangu mwaka 2015 imeweka kiwango cha chini cha sentimeta 137 kwa maji yake mengi, yaani ni samaki wachache mno wanaoweza kuuawa kihalali.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya watu waliotubu. Haikuishia hapo.

Wataalamu walipoanza kuwafuatilia samaki waliorudishwa, walikuta mambo yasiyopendeza. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba karibu theluthi ya maski waliovuliwa kwa ndoana katika majaribio hayo walikufa baadaye. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 2007, uliwahusu samaki waliovuliwa kwa njia ya zamani ya kutumia samaki hai kama chambo kwenye ndoana moja, ambapo mvuvi husubiri mpaka maski ameze. Samaki hao waliporudishwa majini waliondoka wakiogelea. Lakini ndoana zilikuwa zimebaki tumboni, na wengi wao hawakumaliza mwaka.

Hapa ndipo penye fundisho. Mvuvi yule alikwenda nyumbani akiwa na moyo safi. Aliwaambia wenzake kwamba amemwachia samaki wake. Katika daftari la chama samaki huyo aliandikwa kuwa amerudishwa. Kila hesabu ilikuwa sahihi, isipokuwa samaki mwenyewe alikuwa amekufa chini ya maji mahali pasipoonekana na mtu. Wazee wetu walisema tenda wema uende zako, wakikusudia kwamba mtu asingoje shukrani. Hawakusema kwamba mtu aende zake kabla ya kuhakikisha kama alichotenda ni wema.

Ni nini humuua samaki ambaye ameachiwa? Sababu zenyewe si za siri. Ya kwanza ni uchovu. Maski anapopigana na mshipi kwa muda mrefu, misuli yake hufanya kazi kupita kiasi cha hewa anayoweza kuivuta majini, na asidi hujikusanya katika damu yake. Anayetumia mshipi mwembamba ili mchezo uwe mrefu na mtamu anamchosha samaki kwa ajili ya burudani yake mwenyewe. Ya pili ni hewa. Matamvua ya samaki yameumbwa ili yapitiwe na maji. Nje ya maji nyuzi zake nyororo hushikana, na samaki huwa kama mtu aliyekimbia mbio ndefu halafu akazibwa pua na mdomo. Ya tatu ni joto. Maji yanapopata joto hupungukiwa na hewa, wakati huohuo mwili wa samaki ukiihitaji zaidi. Ya nne ni majeraha: ute unaomkinga ngozi ukifutwa kwa mikono mikavu au kwa sakafu ya mashua, magonjwa hupata mlango, na samaki mzito akining'inizwa kwa taya, uzito wote wa mwili huvuta taya na uti wa mgongo ambao majini haukubeba mzigo wa namna hiyo.

Kwa kuwa sababu zinajulikana, dawa zake pia zinajulikana, na wavuvi wenye bidii wamezigeuza kuwa utaratibu wa kazi. Mshipi huwa mnene na ufito imara, ili samaki afike ubavuni mwa mashua upesi kabla hajaishiwa nguvu. Wavu wa mkono huwa mkubwa, wenye nyuzi zilizopakwa mpira ili zisikwangue ute. Wavu huo hauinuliwi. Huachwa majini kama zizi, samaki akiwa ndani yake anapumua, huku mvuvi akiinama kumtoa ndoana kwa koleo lenye mpini mrefu. Kama ndoana imekaa vibaya haing'ang'aniwi, bali hukatwa vipandevipande kwa mkasi wa kukatia vyuma, kwani ndoana hununuliwa dukani na jike la miaka 15 halinunuliwi. Urefu hupimwa samaki akiwa majini. Picha ikitakiwa, mpiga picha huwa tayari kwanza. Samaki huinuliwa kwa mikono miwili iliyolowa, mmoja karibu na kichwa na mwingine chini ya tumbo, amelala kama anavyolala majini, kwa sekunde chache, kisha hurudishwa. Wapo wanaofundisha kwamba mvuvi abane pumzi yake mwenyewe tangu samaki atoke majini, na atakapohitaji kupumua ajue kwamba samaki naye anahitaji. Baada ya hapo hushikwa wima majini mpaka aondoke kwa nguvu zake. Na maji yanapofikia joto la nyuzi 27 hivi, mvuvi mwenye akili huacha kumtafuta maski, akangoja msimu ubadilike.

Matokeo ya utaratibu huo yamepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa maski waliovuliwa na wavuvi wazoefu wa samaki huyo, kisha wakafungwa vyombo vya redio ili wafuatiliwe. Hawakuona hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya kuvuliwa. Linganisha na ule uchunguzi wa mwaka 1980. Samaki ni yuleyule, na neno linaloandikwa daftarini ni lilelile: amerudishwa. Kilichobadilika ni maandalizi na maarifa ya mkono uliomrudisha.

Hata hivyo, zipo hoja mbili kubwa dhidi ya uvuvi wa namna hii, na si haki kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza yasema kwamba kumvua samaki usiyekusudia kumla ni kumtesa kwa ajili ya mchezo. Uswisi imelichukua jambo hili kwa uzito, hata sheria yake inakataza mtu kwenda kuvua akiwa amekusudia tangu mwanzo kumrudisha samaki. Hoja hii ina nguvu, na wavuvi wa maski hawana jibu kamili kwa anayeamini kwamba samaki asiguswe kabisa. Lakini wanaweza kujibu kwa sehemu: watu wanaompenda samaki huyu kwa kumvua ndio hao hao waliogharimia utafiti, wakadai sheria kali na kulinda mazalio yake. Jibu hilo lina thamani kwa sharti moja tu, kwamba samaki aishi kweli. Akifa baadaye, mtoa hoja wa Uswisi ameshinda kesi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inahusu watu. Waojibwe walipotia saini mikataba ya mwaka 1837 na 1842 na kuiachia serikali ya Marekani ardhi yao, walibakiza haki ya kuwinda na kuvua katika ardhi hiyo. Kwa miaka mingi serikali ya jimbo iliipuuza haki hiyo, mpaka mahakama ya rufani ilipoithibitisha mwaka 1983. Waojibwe wa Wisconsin waliporudia desturi yao ya kuvua usiku kwa mikuki na taa, mara tu barafu inapoyeyuka, makundi ya Wazungu yalikusanyika kwenye vivuko vya mashua, yakawatukana na kuwarushia mawe. Kati ya madai yaliyotolewa ni kwamba Waojibwe wangewamaliza samaki ambao wengine wanawavua kwa michezo, maski wakiwamo.

Tulipime dai hilo kwa haki. Samaki wanaochukuliwa na Waojibwe hupangiwa idadi kwa kila ziwa kabla ya msimu, na wanapofikishwa nchi kavu huhesabiwa. Samaki huyo ni kitoweo cha jamaa, na kifo chake kimeandikwa. Samaki wa mvuvi wa mchezo anayekufa siku tatu baada ya kuachiwa hahesabiwi na mtu, wala halishi mtu. Ni nani basi aliye mharibifu? Kumrudisha samaki ni jambo jema, lakini si cheti cha kumpa mtu haki ya kumnyooshea kidole mwenzake anayekula alichovua kwa kiasi. Uhifadhi unaoanza kwa kuwanyima wenyeji chakula chao, huku ukifumbia macho hasara ya wenye mashua za fahari, si uhifadhi. Ni ubaguzi uliovikwa joho la elimu.

Kwa upande wetu, hakuna mtu mwenye akili atakayemshauri mvuvi wa Ukerewe au Kigoma amrudishe ziwani samaki halali ambaye watoto wake wanamngojea. Uvuvi wetu ni wa chakula na mapato, na sheria zake ni za namna nyingine. Kinachotufaa katika habari hii ni ile tofauti kati ya tendo na matokeo yake, kwa kuwa maradhi ya kuhesabu tendo na kusahau matokeo hayako Minnesota peke yake.

Ni mara ngapi tumepanda miche siku moja kwa ngoma na hotuba, tukapeleka idadi yake makao makuu, na hakuna aliyerudi kiangazi kuhesabu iliyo hai? Mwanafunzi huandikishwa, akaingia katika taarifa ya shule, na miezi sita baadaye hakuna anayeuliza kama anaweza kusoma sentensi moja. Kisima huzinduliwa, na pampu ikiharibika mwezi wa pili, katika jalada kisima hicho huendelea kutoa maji. Katika kila jambo la namna hiyo hakuna aliyesema uongo. Mche ulipandwa, mwanafunzi aliandikishwa, maji yalitoka. Vivyo hivyo samaki alirudishwa.

Wavuvi wa maski wametufundisha mambo matatu. Kwanza, nia njema huandaliwa kabla, maana mtu asiye na koleo na wavu ndani ya mashua hawezi kumwokoa samaki hata angekuwa na huruma kiasi gani. Pili, apewaye huduma ndiye kipimo cha huduma, si atoaye: pumzi inayohesabiwa ni ya samaki, si furaha ya mvuvi. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, lazima awepo mtu wa kufuatilia baada ya picha kupigwa na watu kutawanyika, naye akileta habari mbaya asikilizwe. Wavuvi wale walipoambiwa kwamba samaki wao wanakufa, wangeweza kukasirika na kuwaita watafiti maadui wa uvuvi. Badala yake wengi wao walibadili ndoana, walibadili nyavu, na majira ya joto wakakaa nyumbani.

Afisa anayeandika taarifa yake ya mwisho wa mwaka na mwalimu anayefunga daftari lake la mahudhurio wajiulize swali ambalo mvuvi wa maski amejifunza kujiuliza anapoutazama mkia ukizama katika maji meusi ya ziwa: huyu niliyemwachia, kesho atakuwa hai? Asiyeweza kulijibu asiandike bado kwamba kazi imekamilika.